Imetumwa, lakini imefika? Mwongozo kamili wa kugundua muunganisho uliokufa kati ya programu yako na broka

Magunia 41. Ndiyo idadi iliyopotea asubuhi moja ya msimu wa korosho, kati ya mizani ya ghala moja la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko juu, upande wa Newala, na seva yetu iliyokuwa Mtwara mjini. Magunia yenyewe yalikuwepo, yameshonwa na kupangwa. Kilichopotea ni vipimo vyake. Nilimpigia karani simu.

"Fundi, humu kila gunia limeandika IMETUMWA, tena kwa kijani. Sasa kosa langu liko wapi?"

"Huna kosa, dada. Daftari unalo?"

"Daftari mimi siachi. Hizi mashine zenu nazijua."

Daftari ndilo lililotuokoa siku ile. Neno IMETUMWA niliandika mimi kwenye programu, na lilikuwa uongo. Mwongozo huu unaeleza uongo ule ulitoka wapi na namna ya kuuondoa. Mifano yangu ni ya MQTT, lugha ya mashine kupeana jumbe fupi, na broka ya Mosquitto, maktaba ya Paho kwa Python, kwenye Linux, kwa sababu ndivyo vinavyokaa kwenye mizani zetu. Anayetumia RabbitMQ, broka ya aina nyingine, ana kipande chake mbele.

Neno moja kuhusu broka kwa mgeni wa mambo haya: ni dalali wa ujumbe. Mizani haiongei na hifadhidata moja kwa moja. Inampa dalali ujumbe wenye anwani, yeye anawafikishia waliojiandikisha kuupokea. Si dalali wa kangomba, wale wanaonunua korosho nje ya mfumo rasmi, usiogope, lakini kama dalali yeyote, ukimkabidhi mali bila karatasi utajijua mwenyewe.

Nini kilitokea asubuhi ile

Umeme ulikatika mjini. Seva ilikuwa kwenye betri ya akiba, ikabaki hai. Ruta haikuwa kwenye betri, ikazima. Huko Newala umeme ulikuwepo, laini ya simu ilikuwepo, mizani ikaendelea kupima kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukiiambia programu itume ujumbe, haiurushi hadi seva. Inaukabidhi kwa kiini cha Linux cha mashine hiyohiyo, kiini kinauweka kwenye bafa ya soketi, yaani foleni ya muda ya muunganisho huo, kisha kinajibu "sawa". Ile "sawa" ina maana moja tu: nimepokea kutoka kwako. Ni kama kumpa kondakta bahasha pale stendi. Basi limeondoka, umemwona akiitia bahasha kwenye droo, lakini hujui kama limefika Newala au limeharibika njiani mpaka mwenye bahasha akupigie.

Paketi zikikosa majibu, Linux hurudia kuzituma, kila mara ikisubiri muda mrefu zaidi. Mpangilio wake wa kawaida, tcp_retries2, ni 15, na hesabu yake inaipeleka kwenye sekunde 924 hivi, yaani zaidi ya robo saa, kabla ya kukata tamaa na kuiambia programu kwamba muunganisho umekufa. Robo saa nzima mizani yangu ilikuwa inajaza bafa. Jumbe zenyewe ni ndogo, baiti mia na ushee kila mmoja, bafa haikujaa hata robo. Linux ilipokata tamaa, kila kilichokuwamo kikatupwa.

Hapo Paho iligundua kwamba imekatika, ikaanza kujaribu kuunganika upya. Ruta bado ilikuwa imezima. Mizani ikaendelea kuita publish (amri ya kutuma), publish ikawa inarudisha MQTT_ERR_NO_CONN, nami kwenye msimbo wangu sikuwa naisoma thamani ile. Niliita publish, nikawasha kijani. Umeme uliporudi, baada ya dakika 25 hivi, kila kitu kikaendelea vizuri na hakuna aliyejua.

Aliyewahi kusoma nyaraka za Paho atauliza: kwani keepalive, yaani mapigo ya kuhakiki kama muunganisho uko hai, ya sekunde 60 haikuligundua hilo mapema? Ingeligundua. Lakini nilikuwa nimeibadilisha kuwa 3600 ili nibane bando. Nitakuja kwenye hesabu ya bando uone jinsi ubahili ule ulivyokuwa wa bure.

Hatua ya kwanza: zijue namna nne za kufa

Usianze kuandika msimbo kabla hujajua unachotafuta, maana dalili hazifanani.

Kuna kufa kwa kuaga. Ukisimamisha Mosquitto, au hata ikianguka yenyewe huku mashine iko hai, Linux ya upande ule inatuma paketi iitwayo FIN. Unajua papo hapo. Wengi hujaribu programu zao kwa njia hii tu, wakiona on_disconnect (kipande cha msimbo kinachoitwa laini ikikatika) imeitwa wanafunga kompyuta na kwenda nyumbani.

Kuna kukataliwa. Seva imezimika ghafla na kuwaka tena, haikukumbuki. Paketi yako inayofuata inajibiwa kwa RST. Hapa nawe utajua, ila mpaka utume kitu. Ukikaa kimya hutajua.

Kuna kimya. Ruta imezima, nguzo ya simu imezidiwa, waya umekatwa na panya. Hakuna FIN wala RST, hakuna aliyebaki wa kukupa taarifa. Hiki ndicho kilichonipata. Mitandao ya simu ina namna yake ya kukizalisha: mtandao hutunza jedwali la nani anaongea na nani, na muunganisho uliokaa bila kusema kitu kwa muda hufutwa humo. Wewe unaona uko hewani, broka inaona uko hewani, njia katikati haipo.

Ya nne naiita mzimu. Mashine ya seva iko hai, kiini chake kinapokea paketi na kuziitikia, lakini broka yenyewe imeganda. Labda diski imejaa, labda mashine imeishiwa kumbukumbu. Ukiangalia TCP, yaani safu ya chini inayobeba paketi, peke yake kila kitu ni kizima. Ukisubiri jibu la broka, halitakuja.

Hatua ya pili: weka mapigo

MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, kwa hiyo watu wake walijua shida ya laini mbovu na ghali. Ndani yake kuna mapigo. Wakati wa kuunganika mteja anataja idadi ya sekunde. Muda huo ukipita bila mazungumzo, anatuma PINGREQ, na broka inapaswa kujibu PINGRESP. Broka nayo isiposikia kitu kwa mara moja na nusu ya muda huo, inamfungia mteja mlango.

Kwenye Paho ni kigezo keepalive. Ukiweka 20, broka itakutangaza umekufa baada ya sekunde 30. Wewe utagundua ndani ya sekunde 40 hivi: 20 za ukimya, PINGREQ inatumwa, 20 nyingine za kusubiri jibu, kisha maktaba inafunga soketi na kuita on_disconnect. Mapigo haya yanakamata kimya na mzimu kwa pamoja, kwa sababu anayejibu PINGREQ ni broka yenyewe. Pia yanalifanya lile jedwali la mtandao wa simu lisikusahau.

Sasa bando. PINGREQ ni baiti 2, PINGRESP ni baiti 2. Kinachobeba uzito ni vichwa vya paketi. Mzunguko mzima, pamoja na uitikio wa TCP, ni baiti 160 hivi. Kila sekunde 20 ni mara 4,320 kwa siku. Zidisha: baiti 691,200. Haifiki MB 1 kwa siku, kwa mwezi ni MB 21 hivi. Kwa kukwepa gharama hiyo nikapoteza vipimo vya magunia 41.

Usiende chini sana pia. Keepalive ya sekunde 5 kwenye laini ya kijijini itakufanya ukatike na kuunganika siku nzima kwa sababu tu jibu limechelewa kidogo. Mimi nimebaki kati ya 20 na 30.

Hatua ya tatu: usiikabidhi kazi hii kwa TCP

Utashauriwa uwashe SO_KEEPALIVE kwenye soketi na kusahau. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, uchunguzi wa kwanza unafanyika baada ya sekunde 7200, kisha majaribio 9 yaliyoachana kwa sekunde 75. Jumla ni saa 2, dakika 11 na sekunde 15. Kwa muda huo lori limeshapakia. Unaweza kuzipunguza namba hizo, lakini bado kuna mtego: kukiwa na data iliyotumwa na haijaitikiwa, uchunguzi huo haufanyi kazi, kinachotawala ni yale marudio ya robo saa. Na mzimu hauonekani kabisa.

Kinachosaidia kweli upande wa TCP ni TCP_USER_TIMEOUT. Inasema: data ikikaa bila kuitikiwa kwa milisekunde hizi, fungeni. Paho inakupa soketi kupitia on_socket_open:

```python
def soketi_mpya(mteja, data, soketi):
    soketi.setsockopt(socket.IPPROTO_TCP,
                      socket.TCP_USER_TIMEOUT, 30000)
```

Iweke kama mkanda wa pili. Suruali ishikwe na mapigo.

Hatua ya nne: dai stakabadhi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa sana. Mkulima anayepeleka korosho ghalani haondoki kwa sababu gunia limeshuka kwenye pikipiki. Anasubiri lipimwe, aandikiwe stakabadhi, aitie mfukoni. Mfumo mzima wa stakabadhi ghalani umesimama juu ya karatasi ile. Programu yangu ilikuwa inashusha gunia mlangoni na kuondoka.

Kwenye MQTT stakabadhi inaitwa PUBACK, na huipati ukituma kwa QoS 0 (QoS ni kiwango cha uhakika wa kufikisha ujumbe). Kwa QoS 0 ujumbe unarushwa mara moja, ukifika umefika. Paho itakuitia on_publish hata kwa QoS 0, lakini hapo maana yake ni kwamba ujumbe umeondoka mikononi mwa maktaba, si kwamba umefika. Jina hilo limewapoteza wengi. Kwa QoS 1, on_publish inaitwa baada ya PUBACK kurudi kutoka kwa broka.

Huu ni mfupa wa programu yetu ya sasa, kwa Paho toleo la 2:

```python
import socket, threading, time
import paho.mqtt.client as mqtt

zilizofika = set()
hodi = threading.Condition()

def stakabadhi(mteja, data, namba, sababu, sifa):
    with hodi:
        zilizofika.add(namba)
        hodi.notify_all()

def imeunganika(mteja, data, alama, sababu, sifa):
    mteja.publish("hali/mizani-02", "ipo", qos=1, retain=True)

def imekatika(mteja, data, alama, sababu, sifa):
    andika_logi("muunganisho umekatika", sababu)

mteja = mqtt.Client(mqtt.CallbackAPIVersion.VERSION2,
                    client_id="mizani-02",
                    clean_session=False)
mteja.on_publish = stakabadhi
mteja.on_connect = imeunganika
mteja.on_disconnect = imekatika
mteja.on_socket_open = soketi_mpya
mteja.will_set("hali/mizani-02", "haipo", qos=1, retain=True)
mteja.reconnect_delay_set(min_delay=1, max_delay=60)
mteja.connect_async(SEVA, 1883, keepalive=20)
mteja.loop_start()

while True:
    kipimo = cha_zamani_kuliko_vyote()
    if kipimo is None:
        time.sleep(1)
        continue
    tiketi = mteja.publish("ghala/02/uzito",
                           kipimo.maandishi, qos=1)
    with hodi:
        while not hodi.wait_for(
                lambda: tiketi.mid in zilizofika, timeout=10):
            onyesha("INASUBIRI")
        zilizofika.clear()
    weka_alama_imepokelewa(kipimo.kitambulisho)
    onyesha("IMEPOKELEWA")
```

Angalia sehemu mbili. Kwanza, nalinganisha namba ya tiketi na namba ya stakabadhi. Toleo langu la awali halikulinganisha. Stakabadhi yoyote ikirudi nilihesabu ni ya gunia. Ile salamu ya "ipo" inayotumwa kila baada ya kuunganika nayo ina stakabadhi yake, kwa hiyo kila laini iliporudi gunia moja lilipewa stakabadhi ya salamu. Nililigundua kwa bahati tu, nikiwa natafuta kitu kingine.

Pili, muda wa sekunde 10 ukiisha siiti publish tena. Hapa watu huteleza. Paho ikiwa haijaunganika, publish ya QoS 1 inarudisha MQTT_ERR_NO_CONN, lakini ujumbe imeutunza kwenye foleni yake na itautuma laini ikirudi. Ukiuona ule msimbo wa kosa ukaita publish upya kila sekunde 10 kwa nusu saa, laini ikirudi broka itapokea gunia lilelile mara 180.

Ukitaka kupima muda mwenyewe, tumia time.monotonic. Raspberry Pi nyingi, zile kompyuta ndogo, hazina saa yenye betri. Zikiwaka bila intaneti zinadhani ni siku nyingine, laini ikirudi saa inaruka ghafla, na hesabu yako ya "sekunde 10 zimepita" inageuka kichekesho.

Hatua ya tano: hifadhi kwanza, tuma baadaye

Foleni ya Paho iko kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme wa ghalani ukikatika, imekwenda. Kwa hiyo mizani ikitulia kwenye namba, kitu cha kwanza ni kuandika safu kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya palepale, na kukamilisha uandishi huo. Ndipo kitanzi cha hapo juu kiichukue kwa zamu. Safu haifutwi mpaka stakabadhi irudi, na hata ikirudi mimi siifuti, naiwekea alama na kuisafisha baada ya mnada kupita.

Ukubwa wa hifadhi usikutishe: vipimo elfu kumi havifiki MB chache. Panga kwa siku, si kwa dakika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Mwenye broka ng'ambo alilijua jiji.

Kila kipimo kipe kitambulisho kisichojirudia, kizaliwe palepale kwenye mizani wakati wa kupima. Sababu yake ni hii: QoS 1 inaahidi ujumbe utafika angalau mara moja, haikuahidi mara moja tu. Ujumbe unaweza kufika kwa broka, laini ikakatika wakati PUBACK iko njiani inarudi, na mizani kwa haki kabisa ikatuma tena. Upande wa hifadhidata, safu yenye kitambulisho kilichokwisha kuingia ipuuzwe. Kwenye PostgreSQL na SQLite ni ON CONFLICT DO NOTHING. Usijaribu kulinganisha kwa uzito na saa. Magunia mawili ya kilo 80 yanayofuatana ni jambo la kawaida kabisa, utamdhulumu mtu.

Hatua ya sita: jua stakabadhi ni ya nani

PUBACK inasema broka imepokea. Haisemi hifadhidata imeandika. Kati ya hayo mawili kuna mashimo matatu ninayoyajua.

La kwanza: kama hakuna aliyejiandikisha kwenye mada ile (ndiyo anwani ya ujumbe), broka inakupa PUBACK na kuutupa ujumbe. Ukikosea herufi moja kwenye jina la mada utapata kijani msimu mzima. MQTT 5 inaruhusu broka kukujulisha kwa msimbo 16 kwamba hakuna msikilizaji. Toleo la 3.1.1 halina hilo.

La pili: programu inayoandika kwenye hifadhidata ikiwa imezimwa, broka itamtunzia jumbe zake iwapo tu alijiandikisha kwa QoS 1 na kikao cha kudumu, yaani jina lake lisilobadilika na clean_session=False. Bila hivyo, alipokuwa amelala ndipo walipogawa.

La tatu ndilo linaloudhi. Mosquitto hutunza jumbe kwenye kumbukumbu, na hata ukiwasha persistence, huziandika diskini inapozimwa kwa utaratibu na kila baada ya autosave_interval, ambayo kwa kawaida ni sekunde 1800. Nusu saa! Seva ikizimika ghafla katikati, umepewa stakabadhi ya mali isiyokuwepo.

Kwa vipimo vya pesa za watu, suluhisho langu ni stakabadhi ya pili: programu ya hifadhidata ikishakamilisha uandishi, inatuma kitambulisho kile kwenye mada nyingine, "ghala/02/imeandikwa", na mizani inasikiliza huko. Kijani inawaka kwa hiyo ya pili. Kwa joto la ghala linalotumwa kila dakika sihangaiki hivyo; likipotea moja litakuja jingine.

Hatua ya saba: wosia na majina

will_set kwenye msimbo ni wosia. Broka inautunza, na mteja akikatika bila kuaga inautangaza. Ndiyo njia ya ofisi ya mjini kujua mizani ya Newala haipo bila kumpigia mtu simu. Kumbuka kutuma "ipo" kila ukiunganika, la sivyo wosia wa jana utabaki ukutani.

Majina: client_id isifanane popote. Broka ikiona mteja mpya mwenye jina lililokwisha kuunganika, inamtoa wa zamani. Niliwahi kunakili kadi ya kumbukumbu ya mizani moja kwa ajili ya ghala la pili bila kubadilisha jina. Mizani mbili zikawa zinatoana, huyu akiingia yule anafukuzwa, yule anarudi, huyu anatoka. Siku mbili nikailaumu laini ya simu. Jibu lilikuwa kwenye logi ya Mosquitto, limeandikwa wazi: already connected, closing old connection. Ukiona kukatika kwa mapigo ya ngoma, sekunde kwa sekunde, soma logi ya broka kabla ya kumtukana mtu wa mtandao.

Na mizani zikiwa nyingi, kila moja isubiri sekunde kadhaa za kubahatisha kabla ya kuunganika, umeme ukirudi zisivamie zote kwa mkupuo.

Kwa wa RabbitMQ

Mantiki ni ileile, majina yanabadilika. Mapigo yanaitwa heartbeat, kawaida yake ni sekunde 60, na ukikosa mawili mfululizo upande wa pili unahesabiwa umekufa. Stakabadhi ni publisher confirms. Uziwashe mwenyewe kwenye chaneli, hazijiwashi. Bendera ya mandatory inakurudishia ujumbe usio na foleni ya kuupokea, yaani lile shimo la kwanza la hapo juu. Ukitumia BlockingConnection ya Pika, maktaba yake ya Python, usilale kwa time.sleep ya dakika kadhaa, mapigo hayatatumwa na broka itakufungia. Tumia sleep ya muunganisho wenyewe. Na ikiwa broka imepungukiwa na kumbukumbu au diski, itakuzuia kutuma bila kukukata. Hiyo si kufa, sikiliza taarifa ya connection.blocked usije ukaanza kujiunganisha upya bure.

Hatua ya nane: mweleze karani ukweli

Tuliondoa neno IMETUMWA. Kioo sasa kina maneno matatu: IMEHIFADHIWA, INASUBIRI na IMEPOKELEWA. Chini kuna mstari mmoja: zinasubiri ngapi, na ya zamani zaidi ina dakika ngapi. Ule umri ndio muhimu kuliko idadi. Zikisubiri 12 na ya zamani ina nusu dakika, ni foleni ya kawaida. Ikisubiri moja na ina dakika 20, kuna tatizo. Zaidi ya dakika 5 taa nyekundu inawaka, na karani anajua aendelee kupima, daftari lake liwe karibu, na anipigie.

Alipoona kioo kipya alisema, "Afadhali. Sasa inaongea kama mtu."

Hatua ya tisa: ikate mwenyewe

Usingoje umeme ukukatie. Fungua dirisha moja lenye amri hii, uone foleni ya soketi na vipima muda vyake:

```
watch -n1 'ss -tno dport = :1883'
```

Safu ya Send-Q ikipanda na haishuki, data iko kwenye bafa na hakuna anayeitikia. Ukishaiona mara moja kwa macho, ule mfano wa kondakta hutauhitaji tena.

Anza na kuaga: simamisha Mosquitto kwa systemctl. on_disconnect iitwe papo hapo. Kisha kimya, kwenye mizani:

```
sudo iptables -A OUTPUT -p tcp --dport 1883 -j DROP
```

Pima magunia matano ya uongo. Kioo kisiwake kijani hata mara moja, na kukatika kugunduliwe ndani ya sekunde 40. Halafu mzimu, kwenye seva:

```
sudo kill -STOP $(pidof mosquitto)
```

Hapa Send-Q itashuka kama kawaida, maana kiini cha seva kinaitikia, lakini stakabadhi hairudi. Ni mapigo peke yake yatakayokuokoa. Uirudishe kwa kill -CONT.

Jaribio la mwisho ni la stakabadhi iliyopotea njiani. Zuia majibu tu, acha ujumbe upite:

```
sudo iptables -A INPUT -p tcp --sport 1883 -j DROP
```

Pima gunia moja, subiri dakika moja, ondoa kizuizi. Broka itaupokea ujumbe mara mbili. Hesabu safu kwenye hifadhidata: iwe moja. Ikiwa mbili, rudi hatua ya tano.

Kizuizi kinaondolewa kwa amri ileile, ukibadilisha -A kuwa -D. Kiondoe hapohapo. Mimi niliwahi kukiacha kwenye mizani ya majaribio ofisini, nikatoka kwenda sokoni kununua ming'oko, niliporudi nikatumia saa nzima kumtafuta mchawi kwenye ruta.